Kaka, Nilianza na Picha Yako

Kaka yangu Lomayani,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dukani kwangu hapa Sombetini, katikati ya mashine ya kopi na kiti cha kupigia picha za pasipoti. Mlango nimeurudisha nusu ili wateja wajue nipo lakini wasiharakishe kuingia. Namba yako nimeipiga mpaka ile sauti ya mwanamke wa mtandao anayesema haipatikani nimeizoea kama ya jirani. Mtu wa mwisho kukuona, kwa ninavyojua, ni dereva mmoja wa malori aliyekuja kutoa kopi ya leseni yake. Aliona jina la ukoo wetu kwenye kibao cha duka, akaniuliza kama nina ndugu Tunduma. Alisema umekonda, umefuga ndevu, na alipokuuliza kwenu ni wapi ulijibu, "Mbali."

Ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Naiweka pale ambapo kila mtu anaweza kuisoma, labda mmoja wao anakufahamu na atakuonyesha. Mambo ya ndani ya nyumba yetu yatajulikana na watu wasiotuhusu. Na iwe hivyo. Yameshafichwa vya kutosha, na mimi ni mmoja wa waliosaidia kuyaficha.

Nianze na kosa langu.

Siku aliyofariki yeyo (wasomaji wengine wajue kwamba ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha ya nyumbani) nilikutumia ujumbe. Ulijibu maneno mawili tu: "Baba amesema?" Ulikuwa unauliza kama ameruhusu uje, na sikujua nikujibu nini. Nikasema nitakujibu baadaye, nikaenda kupokea wageni, na nilipopiga kesho yake ulikuwa hupatikani. Asubuhi ya mazishi baba aliniita nyuma ya zizi. Mkononi alikuwa na karatasi ya wasifu wa marehemu niliyoiandika mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyepangiwa kuusoma. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika wanne."

"Ndiyo, baba."

"Ni watatu."

Nilichukua kalamu kwenye mkoba, nikaweka karatasi kwenye ukuta wa zizi, nikarekebisha. Baada ya saa mbili nilisimama mbele ya jeneza la mama yetu, mbele ya mchungaji, ukoo na kijiji kizima, nikasoma: "Marehemu ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba." Upande wa wanawake nilisikia mtu akiguna. Sauti yangu haikutetemeka, kaka. Nilisoma vizuri sana. Watu wakanisifu kwamba nimejikaza.

Nimeishi na sifa hiyo mwaka mzima.

Kwa wasiojua ulikosa nini, niruhusu nikumbushe, ingawa wewe hukuhitaji kukumbushwa hata siku moja. Baba mdogo, mdogo wake baba, alipokufa aliacha mke, Mama Neema, na shamba lililopakana na letu. Kiangazi kimoja, wewe ukiwa na miaka kumi na minne, baba alikupa sururu akakuambia uyang'oe masale, ile mimea ya mpaka, na kuyapanda upya hatua kadhaa ndani ya shamba la mjane. Ulifanya, ulikuwa mtoto na ulitumwa. Mama Neema alilalamika miaka na miaka hakuna aliyemsikiliza, mpaka siku alipolifikisha jambo kwenye baraza la ardhi. Wewe ulikuwa mtu mzima wakati huo. Baba alikupeleka uwe shahidi wake.

Mimi nilikuwa nimekaa na yeyo kwenye benchi la nyuma. Wazee wawili walishasema masale hayajawahi kuguswa. Wewe ukasimama, ukavua kofia, ukasema, "Masale niliyahamisha mimi mwenyewe. Nilitumwa." Yeyo alinishika kifundo cha mkono akakibana mpaka vidole vikafa ganzi. Baba hakukutazama. Alitazama mlango.

Tulipofika nyumbani begi lako lilikuwa nje ya geti. Baba alisimama barazani akasema, "Mimi sina mtoto wa jina hilo," na kila mtu alijua ni jina gani kwa sababu hakulitaja. Ukalibeba begi, ukamwambia yeyo utampigia, ukashuka kuelekea barabarani. Nilitaka kukukimbilia. Nilibaki nimeshika nguzo ya geti.

Wiki hiyo hiyo baba aliketi barazani na bahasha ya picha za familia na wembe mpya. Alikukata picha baada ya picha, kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele. Kwenye picha ya ubatizo wa Nembris, mdogo wetu, palibaki tundu lenye umbo la mabega yako. Vipande aliviweka kwenye jiko la mkaa. Yeyo alikuwa anapepeta mahindi uani, na hakuacha kupepeta.

Miaka minane imepita tangu hapo.

Sasa nikuambie yaliyotokea mwezi huu. Kaka Saning'o, kama mzaliwa wa kwanza, alitangaza kwamba tutafanya ibada ya kumbukumbu ya yeyo, mwaka mmoja. Akanipigia: "Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Tutengenezee video ya mama, watu waione baada ya ibada." Wewe hujui, lakini siku hizi sipigi pasipoti tu. Nahariri video za harusi na za send-off, na nimejifunza kitu kimoja ambacho wateja wanakipenda sana. Unachukua picha ndogondogo mamia kwa mamia, unazikata zote ziwe mraba, halafu programu inazipanga kama vigae mpaka zinatengeneza sura ya mtu mmoja. Inaangalia mwanga wa kila picha. Yenye giza inaipeleka kwenye nywele na macho, yenye mwanga inaipeleka kwenye paji la uso. Kwenye video unaanza na picha moja iliyojaa skrini nzima, kisha kamera inarudi nyuma taratibu, picha nyingine zinaruka kuja kujipanga pembeni yake, moja moja, halafu kumi kumi, halafu kama mvua, mpaka unagundua kwamba ulichokuwa unakitazama muda wote ni uso.

Nilichagua uso wa yeyo kutoka kwenye picha ya kipaimara changu. Unaikumbuka siku ile? Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Ulinibeba mgongoni kutoka mlangoni mpaka barabara kubwa kwa sababu ya gauni langu jeupe, wewe mwenyewe tope mpaka magotini, na kila ulipoteleza nilikupiga begani nikilia, "Utanichafua!" Ulikuwa unacheka unasema, "Tulia, bibi harusi." Kanisani ulikaa kiti cha nyuma kabisa kwa sababu ya suruali yako. Yeyo alikuwa anakutazama wewe, kule nyuma, wakati ile picha inapigwa. Ndiyo maana anacheka vile.

Baba aliniletea ile bahasha mwenyewe. Aliiweka juu ya meza akasema, "Nyingine zimekatwa. Utajua la kufanya." Akatoka.

Nikaskani zote. Na hapo ndipo shida ilipoanza. Kila picha uliyokatwa ilikuwa na tundu, na skana ililisoma tundu kama weupe mtupu. Nilipoiambia programu ipange, uso wa yeyo ulitoka na madoa meupe shavuni, shingoni, hadi kwenye mdomo, kama mtu aliyeugua ngozi. Nikajaribu kukata pembeni, nibakize upande wa picha usio na tundu. Nikakuta ulikuwa katikati ya karibu kila picha. Ukikatwa unabaki mkono wa mtu, kona ya nyumba, kichwa cha ng'ombe. Na picha zilizobaki hazikutosha. Programu ikaanza kurudia zile zile, bibi mmoja mwenye kilemba akatokea mara thelathini. Macho ya yeyo yalikuwa mabaya zaidi. Sikuwa na picha za giza za kutosha, kwa hiyo yalitoka ya kijivu, yamefifia, kama ya mtu asiyeona.

Nikatuma ujumbe kwa ndugu wote: mwenye picha yoyote ya yeyo aniletee. Walioleta walileta mbili tatu. Kisha siku ya gulio, Ngaramtoni, nikiwa nachagua viazi, mtu alinigusa kiwiko. Alikuwa Mama Neema. Tangu lile baraza hatukuwa tumesalimiana zaidi ya shikamoo ya kupishana njiani, kwa sababu baba alikataza tusiingie kwake.

"Nasikia unatafuta picha za mama yako," alisema. "Njoo kwangu. Usipitie juu, watakuona. Pitia mgombani."

Nilikwenda. Nina mume na watoto wawili, kaka, nina duka lenye jina langu, na nilipita kwenye migomba ya mwanamke mzee nimeinama kama mwizi, nikisikiliza kama baba anakohoa upande wa pili. Mama Neema alinikalisha jikoni. Akatoa chini ya kitanda ndoo ya rangi, mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani kulikuwa na kitenge, na ndani ya kitenge ulikuwepo wewe.

Ulikuwepo darasa la kwanza, la nne, la saba. Ukiwa na sweta la shule la bluu ya giza. Ukiwa umeshika mwana-kondoo kichwa chini. Ukiwa unakatwa nywele na yeyo, wewe una miaka kama sita unalia mdomo wote wazi, yeyo ameshika mkasi anacheka mpaka macho yamefumba. Picha zaidi ya mia moja, zote nzima.

"Nyingi alizipiga marehemu mume wangu," Mama Neema alisema. Unakumbuka kwamba baba mdogo ndiye pekee aliyekuwa na kamera. "Hizi nyingine mama yako alizileta. Alizileta moja moja, chini ya mboga, kwenye kikapu."

"Yeyo alikuwa anakuja hapa?"

"Kila wiki. Tunakaa hapo ulipokaa. Alisema, mzee akizimaliza zile, hizi zibaki."

"Na hakuogopa?"

Mama Neema alifikiri. "Aliogopa sana," akasema. "Alikuwa hanywi hata chai akaimaliza."

Nilizibeba picha kifuani, ndani ya blauzi, mpaka Sombetini.

Sitakudanganya kwamba niliamua mara moja kuwa jasiri. Nilizikata mraba, nikaziingiza kwenye folda pamoja na zile nyingine, nikaiacha programu ifanye kazi. Uso ulitoka safi. Yale masweta yako ya bluu programu iliyapeleka kwenye macho, yote, sikuyapanga mimi, na macho ya yeyo yakawa meusi na hai mpaka nikasogea nyuma na kiti. Nikafurahi. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu yangu ya woga: kwenye televisheni kila picha ingekuwa ndogo kama punje ya hindi. Ungekuwepo, na hakuna ambaye angekuona. Picha ya kuanzia niliweka ya yeyo peke yake, amesimama karibu na simtanki la maji, isiyomuudhi mtu.

Kaka Saning'o alipita dukani Jumatano kuchukua ratiba zilizochapwa. Aliinama kwenye skrini, akaweka kidole juu ya kigae kimoja. Yeye macho yake bado mazuri.

"Naserian. Huyu ni nani hapa?"

"Unamjua."

"Unataka kumuua mzee? Presha yake unaijua. Mbele ya mchungaji, mbele ya wazee wa ukoo?"

"Ni ndogo mno, kaka. Hakuna atakayeona."

"Sasa kama hakuna atakayeona, umeziweka za nini?"

Alimaanisha nizitoe. Aliniambia hivyo waziwazi kabla hajaondoka, na akasema nisipozitoa yeye ataizima video kwa mkono wake mwenyewe. Lakini swali lake lilibaki dukani baada ya yeye kuondoka. Nilipiga watu wawili pasipoti, nikatoa kopi za vyeti vya mtu, na muda wote nilikuwa nalijibu kichwani na sipati jibu. Nilikuwa nimekuweka mahali pa kujiridhisha mimi. Nilikuwa nimefanya tena kile nilichofanya na kalamu kwenye ukuta wa zizi, safari hii kwa ufundi zaidi.

Ijumaa asubuhi niliitoa picha ya simtanki. Nikaweka mwanzo ile ya wewe unakatwa nywele. Skrini nzima, sekunde kumi, kabla kamera haijaanza kurudi nyuma. Nikaiamuru kompyuta itoe video. Laptopu yangu ni ya zamani, na kazi ya picha nyingi hivyo inaichukua saa nyingi, feni inavuma kama mashine ya kusaga.

Ilipofika asilimia sitini na kitu, kivuli kiliziba mlango. Nikainua macho. Baba, na fimbo yake na lile koti la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kuiona hiyo video."

Hajawahi kuja dukani kwangu bila kupiga simu kwanza. Nilidhani Saning'o amemwambia. Nikamtazama usoni nikitafuta dalili, sikuona kitu.

"Bado, baba. Inajitengeneza. Lazima ifike mia."

"Nitasubiri."

Akavuta kile kiti cha wateja, akakaa mkabala na skrini, mikono miwili juu ya fimbo. Nilishukuru kwamba kilichoonekana ni ule mstari wa kijani tu na namba. Sitini na nane. Sabini. Alinitazama nikihudumia mtu aliyetaka bahasha, nikakosea mara mbili. Sabini na tisa. Akauliza, "Mama yako ametoka vizuri?" Nikasema, "Ametoka vizuri, baba." Themanini na tatu. Nilijua ikifika mia itaanza kucheza yenyewe, ndivyo nilivyoipanga, na kitakachojaa skrini hiyo mbele ya macho yake ni wewe. Nilitaka kuizima. Mkono ulikuwa juu ya meza, karibu kabisa na kitufe, na sikuweza kuusogeza wala mbele wala nyuma. Themanini na nane.

Umeme ukakatika mtaa mzima. Betri ya laptopu yangu ilishakufa siku nyingi, ikazima hapo hapo.

Baba akainuka. "Basi. Nitaiona kesho na wenzangu." Mlangoni aligeuka. "Una homa?"

Umeme uliporudi alasiri niliianza upya tangu mwanzo. Sikuibadilisha. Jumamosi mapema niliichukua ikiwa tayari kwenye flashi, nikaifunga kwenye leso, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Ungeona watu, kaka. Turubai lilijaa hadi kwenye banda la ng'ombe. Na mwishoni kabisa, kwenye viti vya karibu na geti, alikuwepo Mama Neema, kwa mara ya kwanza ndani ya uwanja wetu tangu baraza. Nilimwalika mimi. Baba alimwona, nilimwona akimwona. Hakusema neno kwa sababu ibada ilikuwa imeanza.

Baada ya sala ya mwisho, Saning'o akatangaza video. Televisheni tuliiweka chini ya turubai jingine lenye kitambaa cheusi ili jua lisiingie, na baba alikaa mbele, kati ya wazee wawili. Nikabonyeza rimoti.

Ukatokea wewe. Skrini nzima, unalia, nywele nusu zimekatwa, na yeyo nyuma yako anacheka na mkasi.

Hakuna aliyesogea. Kisha nikasikia jina lako likipita kwenye midomo ya wanawake, Lomayani, Lomayani, kama upepo unaoanzia mbali. Baba alisimama.

"Zima."

Saning'o tayari alikuwa njiani. Nikasimama mimi mbele ya ile televisheni, mgongo wangu ukiwa karibu kuigusa, na rimoti nimeikumbatia kwa mikono miwili kifuani kama mtoto. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima. Hayakuja.

"Baba, mwaka jana nilisimama hapa hapa nikasoma watoto watatu. Nilisoma uongo mbele ya maiti ya mama yangu. Yeyo alizaa wanne. Video ina dakika tatu. Ikiisha, kama ni kunifukuza na mimi, nifukuze."

Saning'o alisimama nusu ya njia, mkono umenyooka. Akamtazama baba. Akamtazama yule mtoto anayelia kwenye skrini. Kisha, kaka, akashusha mkono, akarudi kukaa. Nami nikasogea pembeni.

Kamera ilirudi nyuma. Picha zikaanza kuja, za harusi, za mavuno, za ubatizo, wewe ukizidi kuwa mdogo kati yao lakini kila mtu sasa anajua uko wapi. Zikaja kama mvua. Uso wa yeyo ukajengeka kuanzia katikati, ukamaliziwa na kilemba, na akawepo, anacheka, anatazama kitu nyuma ya vichwa vyetu. Bibi mmoja akapiga kigelegele kisha akajizuia. Baba alikuwa bado amesimama.

Video ikaisha. Skrini ikawa nyeusi.

"Rudisha," baba alisema.

Nikairudisha. Safari hii alisogea, akaenda hadi hatua moja kutoka kwenye kioo, na ile picha ya kwanza ilipojaa tena, akainua fimbo akaielekeza, sio kwako, bali kwenye kona ya chini, palipokuwa na kivuli cha mtu aliyeshika kamera.

"Hiki kivuli ni cha mdogo wangu," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini nadhani Mama Neema alisikia, kwa sababu alijifunika uso na khanga. Baba hakungoja mpaka mwisho. Alipita katikati ya watu, akaenda upande wa kaburi, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Chakula kiligawiwa. Watu walikula wakinong'ona. Mimi nilisaidia kuosha vyombo ili nipate mahali pa kuweka mikono.

Jioni, wageni wakishaondoka, jua likiwa limeegemea upande wa Monduli, aliniita barazani. Sikukaa mpaka aliponionyesha kiti.

"Nani alizitunza?"

"Mama mdogo, Mama Neema. Yeyo alimpelekea."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposhika wembe."

Nilisikia ng'ombe wakicheua.

"Ile karatasi," akasema. "Nilipokuambia uandike watatu. Hukukataa."

"Hapana, baba. Sikukataa."

"Yeye angekataa."

Ni kweli, kaka, na iliniumiza, na wakati huo huo nilitaka kuinuka nishike miguu yake kwa sababu alikuwa amekutaja. Hakuomba msamaha. Hakusema kuhusu shamba wala baraza. Sitaki nikuandikie kitu ambacho hakikutokea. Kesho yake Mama Neema alipopita njia ya juu, walisalimiana, basi.

Lakini siku hiyo hiyo nilipokuwa naaga, nimeshafika getini, aliniita tena. Hakuinuka kitini.

"Lile daraja la chini lilisombwa na mvua za masika," alisema. "Mtu anayetoka barabara kubwa asipite kule, ataharibikiwa. Apite kwa kanisani."

"Nani anakuja, baba?"

Akageuza uso pembeni. "Nasema tu. Kwa mtu ambaye hakuwepo. Asiyejua."

Asiyejua ni wewe, kaka. Sisi wengine wote tunajua, daraja lilivunjika tukiona. Kwa hiyo nakuambia kama nilivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza: usipite chini. Pita kwa kanisani.

Mdogo wako uliyembeba,
Naserian